Vidonge vya Komanda kwa Dende Wetu

Mume wangu alikuwa dokta wa mifugo, na vita vilipofika Uvira mifugo ya kutibu ilikuwa imekwisha kuliwa. Ng'ombe wa Bijombo, kule milimani, waliswagwa na wenye bunduki, mbuzi wakafuata, kisha kuku. Tukabaki na dende, wale wanyama wadogo wanene wasio na mkia, ambao wengi mtaani kwetu Kasenga tuliwafuga jikoni kwa sababu unaweza kukimbia nao kapuni.

Basi jikoni kwangu pakawa chuo kikuu. Mimi nachambua sombe, majani ya muhogo, yeye ananifundisha poliamini: vitu vidogo mno ambavyo mwili haukui bila hivyo. Vingine mwili hujitengenezea, vingine hutoka kwenye chakula, vingine hutengenezwa na vijidudu wema wa tumboni. Kwa ajili ya hizo poliamini, dende walikula majani mabichi na soya. Sisi tulikula sombe bila samaki. Nilimwambia angenioa nikiwa dende ningeshiba.

Walinenepa kweli, na wakati wa vita mnyama mnene hana siri. Komanda aliyetawala mtaa wetu alikuja, akawakagua kama kikosi, akawachukua wote "kwa ajili ya taifa", pamoja na mume wangu wa kuwahudumia.

Huko kambini dende wawili wakaanza kuharisha. Mume wangu aliomba nyasi kavu tu. Komanda akaleta mkebe wa antibiotiki, zilizoporwa kituo cha afya.

"Changanya mu chakula," akaamuru. "Upe wote, hata wenye iko wazima."

"Komanda, dawa hii inaua dende. Inamaliza vijidudu vizuri vya tumbo, poliamini zinapungua, halafu wale wabaya ndio wanabakia kutawala."

Komanda akamkazia macho. "Weye unasema juu ya dende, ao juu yetu?"

Akafungua vidonge kwa mkono wake mwenyewe, akawalisha. Haukupita muda, dende wote wakafa. Komanda akafanya uchunguzi, akagundua kwamba adui amewatilia sumu, na kwamba mshukiwa ni yule aliyejua mapema kuwa watakufa. Mume wangu akafungiwa stoo.

Nilikwenda kumwombea.

"Komanda, miye iko bibi ya dokta. Kama alitaka kuwaua, angekukataza kuwapa dawa?"

Alifikiri sana, maskini, jasho likamtoka. "Huo ndio ujanja wa wenye kusoma," akasema.

Kila siku nilipeleka chakula, na kila siku mlinzi alikionja mpaka nusu, asije mfungwa akalishwa sumu. Kisha jeshi jingine likaingia kupitia Kavimvira, mpakani. Komanda, aliyeapa kufia pale, aligundua ghafla kwamba anapenda hewa ya milimani. Majirani walivunja mlango wa stoo, wakaniletea mume wangu mabegani, amekonda, anaharisha damu.

Kituo cha afya, muuguzi alinionyesha rafu tupu. "Mama, dawa yake ilikuwepo. Dende ndio walioila."

Nilimuuguza kwa maji ya chumvi na sukari, na uji. Usiku nilimwekea mkono kifuani kuhakikisha anapumua. Asubuhi moja akaketi, akaonja uji, akakunja uso.

"Mzito sana huu," akasema. "Nani amekufundisha kupika?"

Nikatoka nje haraka, nikalia pale asiponiona.