Mfongo Uliozikwa Krismasi

Jirani yangu Evaline, ambaye sisi tunamwita Mama Loveness, hana ng'ombe wala shamba kubwa. Ana bustani. Iko mteremkoni chini ya nyumba yake, na mboga yake ya mnafu inajulikana mpaka sokoni Himo. Mumewe alipofariki, binti yake Loveness alitaka kumchukua wakaishi wote Dar. Evaline alikataa. Alisema maadamu bustani inamlisha hahami, na siku itakapomshinda ataondoka mwenyewe bila kubembelezwa.

Bustani hiyo ilikunywa maji ya mfongo. Kwa asiyejua mambo yetu ya huku mlimani, mfongo ni mfereji uliochimbwa na babu zetu kushusha maji kutoka korongoni hadi vihambani, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu, kila nyumba kwa zamu yake. Lazima usafishwe: utoe tope, ukate mizizi, uzibe kingo zilizobomoka. Usipofanya hivyo, kiangazi cha Januari na Februari maji hayakufikii, na masika yakianza mafuriko yanakosa njia.

Zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kutia jembe kwenye mfongo. Ilikuwa kazi ya wanaume, na walikuwa wakali kweli kweli. Siku hizi aliyebaki kuusafisha ni mwanamke, tena mmoja, na magoti yake mabovu. Wanaume wako Dar, Arusha na Mwanza. Vihambani wamejenga majumba, wamezungushia kuta na mageti, na mfongo unapita humo humo ndani. Mwaka mzima mageti yana kufuli. Evaline alikuwa anasafisha mpaka ukutani, anazunguka, anaendelea upande wa pili. Tope la katikati lilibaki kuwasubiri wenye nyumba.

Wenye nyumba huja Krismasi. Wanakuja na magari yao na miwani yao, mbuzi wanachinjwa, pombe ya mbege inanyweka, na kila mmoja anakuambia hakuna kama nyumbani. Krismasi iliyopita Evaline alipita geti kwa geti akiomba siku moja tu watu washike majembe. Wote walimwitikia vizuri. Ndiyo mama, kesho mama. Kesho yake walikuwa wamelala. Nilitukana mpaka mke wangu akaniziba mdomo.

Aliyejitokeza alikuwa Wilbert, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Dar. Ana roho nzuri, siwezi kumsingizia.

"Shemeji, bado unahangaika na majembe?" alimwambia mbele ya wageni wote, mfupa wa mbuzi mkononi. "Achana na mfongo. Nakuwekea bomba bustanini. Wewe ni kufungua koki tu."

"Asante shemeji. Lakini bomba la kijiji kiangazi halitoi kitu."

"Hilo niachie mimi."

Watu walipiga makofi. Aliomba majembe, amepewa bomba, na kwetu huwezi kukataa zawadi ya shemeji mbele ya ukoo. 

Mafundi wakaja, na Wilbert alikuwa na haraka ya kurudi Dar. Ardhi yetu ni mawe na mizizi. Kuchimba mtaro mpya kungewachelewesha. Lakini mtaro si ulikuwepo tayari? Walilaza bomba ndani ya mfongo, kuanzia barabarani linakopita bomba la kijiji mpaka bustanini, wakalifunika kwa mawe, kisha wakamwaga zege juu. Evaline alikuwa Himo, ametumwa nyama ya hao hao mafundi. Aliporudi alisimama na kikapu kichwani, akautazama mfongo mzima.

"Mae!" alisema, kama tusemavyo huku tukishtuka. Akaingia jikoni kuwapikia.

Siku ile bomba lilitoa. Wilbert alijipiga picha na koki, akaondoka.

Januari kamati ya maji ikatangaza, kama kila kiangazi, kwamba maji ya bomba ni ya kunywa tu na ni kwa zamu. Koki ya bustanini ikakauka kabisa. Maji ya mfongo nayo yalishuka, yakagonga zege, yakamwagikia korongoni. Evaline akawa anayafuata huko chini kwa ndoo, akipanda nayo huku anashika migomba asije akaanguka. Nilimsaidia nilivyoweza. Mnafu hauishi kwa ndoo.

Pamoja na hayo alilihudumia bomba lile utadhani lina faida. Alifunga maungio kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akaosha mpira wa kumwagilia, akaweka mawe chini ya koki ili maji yasichimbe ardhi. Nikamwuliza maji gani hayo. Akasema analiandaa kwa ajili ya masika. Nilishikwa na uchungu na hasira pamoja, nikaleta nyundo kubwa nivunje zege.

"Usivunje, Baba Godbless," alinizuia. "Bomba litapasuka, na mimi sina kingine."

Laiti nisingemsikiliza.

Masika yalianza mchana kweupe, mvua ya kutisha. Maji yalishuka kwa njia yao ya siku zote, yakakuta njia imezibwa, yakapita juu ya zege na kuingia bustanini kwa nguvu zote. Tulisimama barazani kwake tukiangalia. Matuta yalikwenda moja baada ya jingine, na mbolea ya miaka yote, mpaka mwamba ukaonekana.

"Udongo wangu umekwenda kulima mpunga kule chini tambarare, Chekereni," alisema Evaline, akacheka. Sikukipenda kicheko kile.

Na bomba je? Mvua zilipokolea, bomba la kijiji likajaa, ile koki ikawa inatoa maji usiku na mchana. Maji safi, ya nguvu, yanamwagika juu ya mwamba.

Loveness alikuja na gari kumchukua mama yake. Hakumbembeleza. Tulikuwa tunapakia magodoro simu ya Evaline ilipoita. Alikuwa Wilbert, alikuwa amesikia redioni kwamba huku mvua ni nzuri.

"Shemeji, maji yanatoka?"

Evaline aliitazama koki.

"Yanatoka vizuri sana, shemeji. Mungu akubariki."

Alipokata simu nikamwuliza kwa nini hakumwambia ukweli.

"Nimwambie ili iweje?" alisema, akaingia kwenye gari.