Bangi Kabla ya Ubatizo

Nilianza kuvuta bangi nikiwa utingo wa malori, na nilipoacha malori nikaja kushona nguo Nyakabanda, mtaa wa mjini kwa Wanyarwanda, tabia ikaja nami. Sikuwa wa kutia aibu. Msokoto mmoja saa nne asubuhi nyuma ya choo, mwingine alasiri, kisha narudi kwenye cherehani na kushona kola zilizonyooka kuliko za fundi yeyote mtaani. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Fundi mwenzangu, Mwislamu ambaye babu yake alihamia huko kutoka Ujiji na biashara ya vitambaa, alikuwa na maoni yake kuhusu kola zangu, lakini alikuwa mtu wa adabu.

Mwaka 1992 nikaamua kubatizwa. Sina hadithi kubwa ya kuokoka. Kulikuwa na kanisa dogo la matofali lenye ibada ya Kiswahili kwa ajili yetu tuliokulia Bujumbura, Bukavu na Kigoma, na mimi nilipenda kuimba. Vita vilikuwa kaskazini mwa nchi, mjini tuliulizwa vitambulisho kila kona, na ndani ya kanisa lile nilijisikia mtu. Nikajiandikisha darasa la ubatizo.

Mwalimu wetu alikuwa mama muuguzi mstaafu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na Kiswahili alichokiokota hospitalini kwa wagonjwa. Siku ya tatu nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, Mkristo anaweza kuvuta bangi?"

Wanafunzi wenzangu sita wakageuka kunitazama.

"Urumogi?" akauliza mwalimu kwa Kinyarwanda, kana kwamba kuna bangi ya aina nyingine. "Nani iko anavuta?"

"Nauliza tu, kwa ujumla."

"Kwa ujumla macho yako iko nyekundu."

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, nikajitetea. Nikasema Mungu mwenyewe aliumba majani yote na akaridhika nayo, hakutenga hata moja. Nikasema bangi hainigombanishi na mtu, tofauti na pombe ya ndizi, ambayo wazee fulani wa kanisa, sikuwataja, waliijua vizuri. Nikasema inanisaidia hata kusali, maana sala yangu huwa ndefu.

"Iko ndefu kwa sababu unasahau mahali umefika," akasema mwalimu. "Na upupu pia Mungu ameumba. Mbona haujifuti nayo?"

Darasa likaangua kicheko. Akasubiri kikatulia, akaniambia hatanijibu. "Jumapili ni wewe utasoma Maandiko mbele ya watu. Kuja vile unakuwaga kila siku. Halafu ni wewe utanijibu."

Nikaipeleka kesi kwa fundi mwenzangu. "Kwetu sisi jibu ni fupi," akasema huku akikata uzi kwa meno. "Kileo ni kileo. Nyinyi mnapenda mijadala. Ila siku hiyo usivute, bwana. Utakuwa umevaa shati uliloshona mwenyewe, aibu hiyo inatosha."

Nilivuta. Niliona nikijizuia nitakuwa nimekwisha kukiri.

Somo la siku hiyo lilikuwa orodha ya ukoo: fulani akamzaa fulani, na fulani akamzaa fulani. Nilianza vizuri. Baada ya vizazi vinne vitano nikaanza kuwapenda wale watu. Kila jina nililitamka polepole, kama namkaribisha mwenyewe aketi. Kisha nikainua macho nikamwona mzee wa kanisa kwenye benchi la mbele. Koti lake lilikuwa na vifungo vitatu, viwili vimeshonwa kwa uzi mweusi, cha tatu kwa uzi wa bluu. Nani alikishona kile kifungo? Alikuwa na haraka gani? Sijui nilinyamaza kwa muda gani. Mtu akakohoa, nikazinduka, nikaendelea hadi mwisho. Watu wakanipa mikono.

Jumatatu bikizee mmoja aliyeishi peke yake mlimani juu ya mtaa akaja kibandani kwetu na viazi vitamu kwenye kitambaa. Mwanawe wa pekee alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla, na hakuna barua iliyofika.

"Mwana wanjye," akaniambia, "hiyo majina nimeisikia mara mingi, lakini jana ndio nimeisikia kweli. Pale ulinyamaza, nikajua unawaza wale watoto hawakuandikwa. Nikalia. Niambie, ulikuwa unawaza nini pale?"

Fundi mwenzangu akaacha kukanyaga cherehani.

"Nilikuwa nawaza hao hao, bibi," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

"Hasa hasa ulikuwa unawaza nini?" akauliza mwenzangu.

"Kifungo."

Alicheka hadi akavua kofia kujipepea. Nami nikacheka, lakini viazi vile sikuweza kuvila.

Kesho yake mchana nikapanda hadi kwa bikizee. Nilimkuta uani akichagua maharagwe. Nikamweleza yote: msokoto, koti, uzi wa bluu. Akaendelea kuchagua, mimi jasho linanitoka. Mwishowe akacheka, ufizi wote nje.

"Kifungo! Na kilio yangu je?"

"Hicho ni chako, bibi."

"Basi siirudishi." Kisha akaacha kucheka. "Lakini jana ulinidanganya. Kifungo haikuniuma. Uongo ndio imeniuma. Sasa utakuja hapa kila Jumamosi, tusali kwa ajili ya mwanangu. Na ukuje ukiwa upo."

Nikawa naenda. Mlangoni alininusa kwanza kama anayekagua maziwa. Jumamosi moja alinirudisha nyumbani, nikashuka ule mlima nikiona haya hata kwa mbuzi. Baada ya hapo Jumamosi ikawa safi, kisha Ijumaa, maana bangi ya Ijumaa hukaa kwenye shati.

Darasa lilipokaribia kwisha mwalimu akanidai jibu.

"Sijui kama ni dhambi," nikamwambia. "Najua kuna mtu alinihitaji, nami nilikuwa kwenye kifungo."

"Hiyo si jibu ya kitabu."

"Sina lingine, mwalimu."

Akaandika jina langu kwenye orodha ya wabatizwa. Nilibatizwa Pasaka ya 1993, na baada ya hapo nilivuta mara mbili, zote nikamwambia bikizee kabla hajanusa. Mwishoni mwa mwaka huo nikahamia Kigoma kwa dada yangu. Jumamosi ya mwisho nilifungua mdomo nianze sala kama kawaida, akaniwekea kidole midomoni. Siku hiyo alisali yeye, kwa Kinyarwanda cha harakaharaka. Nilishika maneno machache tu: barabara, mama, na jina la mwanawe likifuatwa na langu.