Namba Aliyoifuta Profesa

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa maabara ya miundo umefunguliwa nusu. Mwanamke aliyevaa koti la bluu lililopauka ameketi kwenye stuli, mkebe wa biskuti mapajani. Wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu wamepanga foleni mbele yake, na kila anayefika anatoa raba mfukoni na kuitumbukiza mkebeni.

"Na hiyo iliyo nyuma ya penseli?" anamuuliza kijana mrefu anayejaribu kupita kimyakimya.

"Shikamoo, Mama Mizigo. Hii ni ndogo tu."

"Marahaba. Hiyo ndogo ndiyo ninayoitaka."

Wenzake wanaangua kicheko. Kijana anaing'oa kwa meno na kuitoa kafara, kisha anaingia ndani akinuna.

Jina la Mama Mizigo alipewa na wanafunzi wa zamani, na limemganda kiasi kwamba hata mkuu wa idara hulitumia. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake imekuwa kuvipakia mizigo vitu wanavyovisanifu vijana hawa, mpaka vipinde au vivunjike. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Si mhadhiri wala mhandisi. Aliingia hapa akiwa mfagiaji, akaiba ujuzi kwa macho kutoka kwa fundi aliyemtangulia, na leo hakuna mhadhiri anayethubutu kugusa jeki bila kumwomba ruhusa.

Kila muhula wanafunzi hufanya mradi wa usanifu: daraja dogo, paa, kiunzi cha kubeba mtambo. Mchoro huingizwa kwenye programu ya kompyuta inayoigiza mzigo, na kioo hupakwa rangi. Bluu maana yake chuma kimetulia. Nyekundu maana yake kimeelemewa. Pamoja na picha hizo, kila kikundi hutakiwa kuleta hesabu zilizopigwa kwa mkono.

Hapo ndipo ujanja huanzia. Wengi hutanguliza kompyuta. Jibu likishapatikana, hesabu za mkono hufinywa hapa na kuvutwa pale mpaka zifanane nalo. Wenyewe huita kupika.

Kwa Mama Mizigo hakuna kupika. Karatasi hutangulia, na hupigwa mbele ya macho yake. Anayekosea hukata kosa lake kwa mstari mmoja, lisomeke. Kompyuta hufuata baadaye. Zikipingana, kikundi hakiondoki mpaka kijue ni ipi inayosema uongo na kwa nini.

"Wapo wanaosema nimechanganyikiwa," anasema huku akifunga mkebe. "Waache waseme. Mimi ninajua ninachokiogopa."

Anachokiogopa kilitokea miaka miwili iliyopita, na kinamhusu binti yake.

Binti huyo ni kitinda mimba wake. Tangu darasa la nne nyumbani wanamwita Profesa, kwa sababu alikuwa akiwakosoa kaka zake hesabu zao hata bila kuombwa. Alipochaguliwa kusoma uhandisi katika chuo hikihiki, mama yake alilia mbele ya ubao wa matangazo, watu wakadhani amefiwa.

Mwaka wake wa tatu, kikundi cha Profesa kilipewa mradi wa kweli: mnara mfupi wa kubebea tangi la maji la lita elfu tano katika zahanati. Walichora miguu minne ya chuma chenye umbo la L, kila mmoja mita tatu. Mwanzoni waliweka vyuma vya kuifunga miguu katikati. Kompyuta ilipoonyesha mnara mzima bluu, bila hata doa la nyekundu, wakaviondoa ili kuokoa chuma. Wakajaribu tena. Bado bluu.

Profesa alikuwa ndiye mpiga hesabu wa kikundi. Alasiri moja alikuwa mezani jikoni, mama yake akipiga pasi pembeni. Hesabu yake ya mkono ilimwambia kwamba mguu mmoja utapinda mzigo wake ukifikia kilo elfu moja na kumi hivi. Tangi likijaa, kila mguu utabeba kilo elfu moja mia mbili na hamsini, bila kuhesabu uzito wa tangi lenyewe.

Mguu mrefu mwembamba haupasuki. Hujipinda katikati na kukunjika ghafla, kama mtu aliyepigwa nyuma ya goti. Kompyuta haikuulizwa habari ya kukunjika. Iliulizwa kama chuma kinaumia, ikajibu kwa ukweli wake wote kwamba hakiumii.

"Aliniambia, 'Mama, hesabu yangu imekataa kukubaliana na kompyuta,'" anasimulia Mama Mizigo. "Mimi, mwanamke niliyekunja vyuma miaka ishirini kwa mikono hii, hata karatasi sikuitazama. Nikamwambia, 'Kompyuta haichoki, mwanangu. Wewe ndiye uliyechoka. Fuata kompyuta, uje ule.'"

Profesa alichukua raba. Akafuta, akapuliza vumbi, akaandika namba inayokubaliana na rangi ya bluu.

Mhadhiri alisaini. Mnara ulijengwa. Asubuhi tangi lilipojazwa kwa mara ya kwanza, maji hayakufika hata juu. Yalipopita lita elfu nne, miguu ilikunjika, na tangi likamwangukia mlinzi wa zahanati aliyekuwa ameinama chini yake akichota ndoo ya kupigia deki. Alifariki kabla ya adhuhuri. Aliacha mke na watoto watatu.

Uchunguzi ulifanyika, ukamalizwa kwa ukurasa mmoja unaosema kulikuwa na "upungufu wa jumla wa usimamizi". Mhadhiri alihamishwa. Hakuna mwanafunzi aliyefukuzwa, na hakuna aliyeinua karatasi ile kwenye mwanga kutazama kilichofutwa.

"Waliniita na mimi," anasema. "Wakaniuliza kama niliziona hesabu za wale watoto. Nikajibu, mimi ni fundi wa maabara tu. Basi. Nikarudi nyumbani nikapika chakula cha jioni kama mtu mwema."

Profesa aliacha masomo wiki iliyofuata. Leo ana miaka ishirini na minne na anafanya kazi katika duka la kutoa nakala, upande wa pili wa mji, karibu na chuo kingine. Wanafunzi humletea miradi yao aichape. Kurasa za maandishi huzichapa mwenyewe. Zenye picha za rangi za mnara au daraja humwachia mwenye duka.

"Hesabu zilinishinda," alimwambia mwandishi wa makala hii alipomkuta dukani, bila kuinua macho kutoka kwenye mashine. "Ningekuwa nazijua, yule baba angekuwa hai. Sina la zaidi, dada yangu. Nakala ngapi?"

Chuo kilimpa ruhusa ya kurudi ndani ya miaka miwili. Ruhusa hiyo inakwisha mwisho wa mwezi huu. Isipotumika, nafasi yake inafutwa kabisa, na miaka mitatu ya masomo inakwenda na maji. Mama yake amemletea fomu mara tatu, na mara tatu ameikuta kesho yake palepale juu ya meza, tupu.

Kumbe kuna jambo Mama Mizigo alikuwa hajamwambia. Likizo ya mwaka jana, maabara ikiwa tupu, alinunua kipande cha chuma kilekile, urefu uleule. Akakisimamisha kwenye fremu ndefu, akaanza kupampu jeki taratibu, macho kwenye kipimo. Kilo mia tano. Mia nane. Mia tisa na themanini, kikakunjika.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema. "Mtoto alikuwa amepata. Kwa penseli, jikoni, mimi nikimpigia kelele chakula kinapoa. Hesabu hazikumshinda hata kidogo."

Kwa nini basi amenyamaza mwaka mzima, wakati neno hilo moja lingeweza kumrudisha binti darasani?

Anafuta viganja kwenye koti ingawa havina kitu. "Nikimwambia alikuwa sahihi, lazima nimwambie pia ni nani aliyemfanya afute. Anajua nilisema, lakini labda amesahau. Mtu hujidanganya hivyo. Ninaogopa atanitazama kwa jicho lingine, na sina mtoto mwingine anayekaa na mimi."

Aliomba makala hii isichapishwe mpaka Jumapili ipite. Mwandishi alikubali.

Jumapili mchana, mezani jikoni, alimweleza binti yake yote: kipande cha chuma, fremu, jeki, namba. Anasema alizungumza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alipomaliza, Profesa hakushangaa.

"Nilijua, Mama," alisema. "Niliirudia mara tatu kabla sijaifuta. Mara zote tatu ilikuwa ileile."

"Sasa kwa nini unawaambia watu hesabu zilikushinda?"

"Ningewaambia nini? Kwamba ni wewe?"

Mama Mizigo anasimulia hayo siku ya pili yake, amesimama katikati ya mashine zake, na machozi yanamtoka bila yeye kuyajali. Miaka miwili alidhani ni kimya chake mwenyewe kilichokuwa kikimlinda. Kumbe mtoto ndiye aliyekuwa akimlinda, kwa kujiita mjinga mbele ya kila aliyemuuliza.

Walilia pamoja, kisha wakakata shauri. Wiki ijayo Mama Mizigo atapeleka kwa mkuu wa idara matokeo ya jaribio lake, pamoja na maelezo aliyoyaficha siku ya uchunguzi. Amebakiza miaka minne kustaafu, na anajua huenda akamwaga unga wake. "Na umwagike," anasema.

Kuhusu fomu, Profesa hajasema ndiyo wala hapana. Ametoa sharti moja: kwanza waende kwa mke wa mlinzi, ambaye mpaka leo hakuna aliyefika kumweleza mumewe alikufaje. Mjane huyo anaamini ule mnara uliangushwa na upepo.

Watakwenda Jumamosi asubuhi, mama na binti. Mama Mizigo amekuwa akiyapanga maneno tangu jana. Ameyaandika nyuma ya karatasi ya vipimo, akayakata kwa mstari mmoja, akaandika mengine, akayakata nayo, na yote bado yanasomeka. Mpaka sasa ana sentensi moja tu anayoiamini, na anaijaribu kwa sauti ndogo, wanafunzi wakiwa wametoka.

"Mama, haukuwa upepo, ni mimi niliyemwambia mtoto afute."