Shuka la Kitanda cha Kweli

Mjukuu wangu hanipi raha. Kila akitoka kazini ni neno lile lile: "Bibi, andika yale ya ghorofa, watu wasome." Mimi shule niliiacha darasa la tatu, mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu, na mistari yangu inapanda mlima. Haya, naandika. Lakini msidhani naandika kwa kuwahurumia. Naandika kwa sababu kuna mtu bado anatembea na viatu vinavyong'aa, nami sijamalizana naye.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka arobaini na miwili nimeshona mapazia na matandiko, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kitambaa akisema kimepungua. Mtu akiingia mlangoni nakutajia kiuno chake kabla hajakaa. Ndiyo maana haya yananiuma hadi leo.

Siku moja alikuja dukani kwangu bwana mmoja wa kampuni ya majumba. Mrefu kama nguzo, viatu vinang'aa, meno yote nje kana kwamba anapigwa picha. Nikamwita Meno, na jina likamganda. Walikuwa wanataka kujenga ghorofa nane kwenye kiwanja kilichokuwa soko la mbao, na kabla hawajachimba hata shimo walikuwa wamesimamisha chumba cha mfano pale ofisini kwao, ili watu waone nyumba zao zitakavyokuwa. Akataka nikishonee mapazia na matandiko.

Nikaenda kupima. Kitanda kikanishangaza.

"Baba, hiki ni cha mtoto?"

"Hapana, Mama. Cha wakubwa. Ndiyo mtindo wa kisasa."

"Wakubwa gani, waliokatwa miguu?"

Akacheka, nami nikacheka. Kitanda kilikuwa futi tano urefu, tatu na nusu upana. Kabati lilikuwa jembamba, hata hanga halikai sawa ndani yake. Milango hakuna hata mmoja, nafasi tupu tu. Nikaandika vipimo, nikashona, nikalipwa, nikanyamaza. Kosa langu hilo, nalisema mwenyewe kabla hujalisema wewe.

Siku ya kutundika mapazia nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama kazi yangu. Jamani! Chumba kilikuwa kimefunguka kama uwanja. Nikaiona cherehani yangu pale dirishani, mwanga unaingia, sijigongi tena kiwiko ukutani kama kule kwangu. Kitanda nilichokipima kwa mikono yangu nikakisahau. Mganga hajigangi. Nilidanganywa na mapazia yangu mwenyewe.

Meno akaniona. "Mama yangu, ukinunua sasa, ingali kwenye ramani, unapata bei ya chini. Ikikamilika itakuwa imepanda mara mbili."

Nikauza nyumba ya vyumba viwili aliyoniachia marehemu mume wangu, nikatoa fedha yote kuwa malipo ya kwanza. Salio mjukuu angekopa benki baada ya miaka miwili, siku waliyoahidi kunikabidhi funguo. Mkataba ulikuwa kurasa kumi na nne. Mjukuu akasema, "Bibi, ngoja kwanza niusome." Nikamwambia mimi sipangiwi na mtoto niliyemfunga nepi. Nikatia saini.

Nikahamia chumba cha kupanga nyuma ya duka. Ghorofa ya kwanza ikapanda, ya pili ikapanda, halafu kimya. Yangu ilikuwa ya tano. Kila asubuhi nikipita natazama juu, natafuta mahali ambapo sebule yangu ingekuwa, naona kunguru anapita katikati yake.

Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na bei za nyumba mji mzima zikaanza kuporomoka. Asubuhi moja nikakuta bango jipya mlangoni pao: nyumba zile zile, ghorofa ile ile ya tano, kwa theluthi mbili ya bei yangu. Nikaingia.

"Na mimi nipunguzieni."

"Mama, wewe una mkataba wako na bei yake. Siku ikifika usipomalizia, ulichotoa kinabaki kwetu. Ukurasa wa kumi na moja."

"Benki tumeshaiuliza, imemkatalia mjukuu wangu. Haitoi mkopo wa bei ya zamani kwa nyumba ya bei mpya."

"Soko limeshuka, Mama. Sote tumeumia."

"Wewe umeumia wapi? Nionyeshe kidonda."

Akanionyesha meno.

Sikulia. Nilikata kitambaa cheupe, futi sita na nusu kwa tano, kipimo cha kitanda cha kweli cha watu wazima wawili, nikakipiga pindo kwa uzi mwekundu ili mwisho wake uonekane. Jumamosi, siku yao ya kupokea wateja, nikaenda nalo kwapani. Mlinzi akasita. Nikamtolea risiti. "Mimi mteja. Nimekuja kutazama mali yangu." Akanipisha.

Ndani nikakuta mtu na mkewe, wamefunga ndoa juzi, bado wanashikana mikono, Meno anawaimbia. Nikatandaza shuka langu juu ya kile kitanda. Upande mmoja ukapanda kabatini, mwingine ukaziba njia.

"Hiki ndicho kitanda chenu," nikamwambia mke. "Sasa mwambie mumeo apite aende chooni."

Mume akajaribu. Akapita kiubavuubavu kama kaa.

"Na mlango, ukifungukia ndani?"

Wakaondoka. Meno akanifuata. "Bibi, unaniharibia kazi!"

"Bado, baba. Ndiyo kwanza napima."

Jumamosi sita nilikwenda, na Jumamosi sita hawakuuza hata dirisha. Ya saba nilikwenda na mjukuu wangu, na mkurugenzi mwenyewe akatoka. "Bibi, tukurudishie ulichotoa, uende zako."

Mjukuu akanibana mkono. "Bibi, kubali." Nyumba nzima ya babu yake ilikuwa kwenye ulimi wa yule mtu. Nilijua.

"Nakubali," nikasema. "Ila kwanza Meno alale kwenye kitanda chake. Mbele ya wateja."

Mjukuu akafumba macho. Mkurugenzi akamtazama Meno, akawatazama watu waliojaa mlangoni, akasema, "Lala."

Akalala amekunja magoti.

"Nyoosha, baba. Cha wakubwa hicho. Cha kisasa."

Akanyoosha. Miguu ikaning'inia nje hadi ugoko. Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, chumba kizima kikafuata. Kwa mara ya kwanza nikamwona amefunga mdomo. Sikumpa pole. Nilisimama nikamtazama mpaka nikashiba.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena na shuka langu, maana walichonipa ni hundi, na hundi ni karatasi, na karatasi zao nazijua. Fedha ikaingia Jumatatu.

Watu husema, umepata chako, samehe. Nisamehe nini? Wenzangu thelathini na wawili walionunua kama mimi bado wanatazama kunguru. Meno amehamishiwa upande wa pili wa mji, chumba cha mfano kipya, kitanda kile kile. Mapazia safari hii kashona fundi mwingine, na nasikia yamepungua chini. Mimi sijanunua nyumba bado. Bei na zishuke, sina haraka. Nitanunua iliyokwisha simama, yenye milango, nikishajilaza sakafuni kila chumba.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, hukusoma bure. Shuka liko kwenye msumari, nyuma ya mlango wa duka langu. Njoo Ijumaa ulichukue, Jumamosi ukalitandaze kule kwa Meno. Ulirudishe limefuliwa na kupigwa pasi, maana kuna mwingine anangoja zamu yake. Na usikanyage kwangu bila kuniambia uso wake ulikuwaje.