Simfoni Mbili za Mbotela

Kila Jumapili baada ya kanisa, nyumba yetu ya mtaa wa Mbotela ilijaa mkwaruzo wa sindano juu ya santuri, kisha fidla zikaanza, polepole, kama watu waliolazimishwa kutembea. Ilikuwa miaka ya tisini, mitaa yote ikivuma kwa ragga, lakini Baba, karani wa reli, alikuwa ameachiwa santuri hiyo ya simfoni na mhandisi wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao, na kwake ilikuwa kama cheo. Wenzangu waliruka kamba nje. Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilikaa wima kwenye stuli nikinusa sukumawiki ikiungua, maana hata Mama hakuruhusiwa kuinuka. Niliichukia santuri ile. Kusema kweli, nilimchukia aliyeiweka.

Kisha Mjomba Barasa, ndugu wa pekee wa Mama, akahamia mtaa wa Fedha na kuanza kuja na kanda. Simfoni ilikuwa ile ile, ila okestra nyingine. Yake ilikimbia. Ngoma zilinigonga kifuani, tarumbeta ziliingia bila hodi, na ile sehemu ya pili iliyokuwa ikinisinzisha ikanitoa machozi. Baba aliitazama saa yake.

“Hawa wana haraka ya kwenda wapi? Wamemaliza dakika saba mapema!”

“Shemeji, hiyo yako ni ya matanga,” Mjomba alisema akicheka.

Baba hakucheka. Walibishana Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku moja Baba akanigeukia. “Naliaka, wewe umezisikia zote mbili. Ipi ndiyo sahihi?”

Nikasema ya Mjomba.

Wiki nzima Baba hakunisemesha, isipokuwa kila nilipotoka shule, aliponikalisha kwenye stuli na kuirudia santuri. “Umesikia sasa?” Mama alininong'oneza jikoni, “Mpe anachotaka, mwanangu, yaishe.” Jumapili iliyofuata Baba akaniuliza tena, Mjomba akiwa ameketi pale pale. Niliinamisha kichwa. “Ya Baba. Ya Mjomba ni kelele tu.”

Mjomba hakunikasirikia. Alitoa kanda yake, akaitia mfukoni, akamwambia Baba, “Huyu mtoto umemfundisha kuogopa, si kusikiliza.” Hakukanyaga kwetu tena. Mama alikuwa akienda Fedha kwa kujificha, kana kwamba ndugu yake ni mwizi, hadi tulipomzika Mjomba.

Leo simfoni hiyo ninayo kwenye simu, okestra zaidi ya kumi, na naizima katikati nikitaka. Nimezilinganisha zote kwa miaka. Lazima nikiri kwamba ile ya polepole ya Baba inazishinda zote. Kila ala inasikika, hakuna kinachopita bila kuhesabiwa. Alikuwa sahihi. Sasa ni mzee, masikio yamefifia, na nikienda kumsalimia huniuliza kama bado ninasikiliza ule muziki wetu.

Namjibu kuwa niliacha zamani.