Nilivyolea miwa ya rangi kwa roof Riruta mpaka ikafika lobby ya Upper Hill

Wakuu, niaje.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi kwa sababu sentensi ya kwanza haikunipendeza. Bado hainipendezi. Lakini yaliyomo ni ya kweli, na nikiongeza chumvi popote, ganda la muwa linikate ulimi.

Mimi ni kijana wa Riruta. Nafanya kazi kwa cyber pale Adams, kuchapa CV na kupiga picha za passport. Kuna mteja nilimpiga picha tena na tena kwa sababu sikio moja lilionekana kuliko lingine, mpaka akaniuliza kama picha ni ya Canada ama ya mbinguni.

Kwa hivyo ndiyo, mnanielewa mimi ni mtu wa aina gani.

Sasa, miwa.

Mtandaoni nilikuta watu wanaopanda miwa kama maua. Si ya kula, si ya kiwanda. Ya kuangalia tu. Kuna mweusi unaokaribia zambarau kama biringanya, kuna mwekundu, kuna wa milia kama soksi za shule. Sisi tuliozaliwa Western tumezoea muwa ni kitu unachokisubiria lori la kiwanda mpaka unaota mvi. Sikuwahi kufikiria unaweza kuwekwa sebuleni ukapigwa picha.

Usiku huo sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda kwa jamaa wa mkokoteni pale Naivasha Road, nikamwambia nataka ule mweusi, mzima, na asiumenye.

Mkono wake ukaanza kumenya wenyewe. Nikamwambia tena asimenye.

"Sasa utakula aje, boss?"

Nikamweleza ni wa mapambo. Akanipa, lakini nilipogeuka nikamsikia akimwambia mteja mwingine kwamba hii Nairobi watu wameumia.

Mwekundu nao niliupata kwake. Wa milia nilitumiwa na dada yangu Nekesa, anayeishi Kisumu. Yeye alibaki na vipande vya wa milia, nami nikamtumia vya mweusi, akavichomeka vyote kando ya bomba la nyumba yake na kuendelea na maisha. Rafiki yangu wa Limuru naye nikampa vipande. Nilitaka kuona rangi itakuwaje kwa hali ya hewa tofauti. Kwa maneno mengine, nilitaka kushinda.

Kwa mnaotaka kujaribu: kata kipande chenye macho, yaani vile vichipukizi vya kwenye fundo. Kilaze ndani ya ndoo iliyotobolewa chini, funika na udongo mwepesi, mwagia maji kidogo. Basi. Mambo mengine yote niliyofanya mimi hayakuwa lazima, na niliyafanya yote.

Wataalamu wa mtandaoni wanaishi kwenye joto. Wanasema muwa unataka jua kali mwaka mzima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa Riruta mwezi wa saba, wakati jua linachungulia kama mtu anayedaiwa. Miwa yangu ikasimama tuli. Nikaifunika na shuka la Kimaasai jioni, nikaifunua asubuhi. Majirani walioanika nguo kwa roof walianza kuninyamazia.

Nekesa akatuma picha. Wake ulikuwa umepita mlango. Wangu ulikuwa kwa goti.

Nilikaa na hiyo picha siku nzima. Halafu nikaona kitu. Wake ulikuwa mrefu, lakini rangi ilikuwa imepauka kama sare ya zamani. Wangu ulikuwa mfupi, lakini baridi ilipoisha na jua likarudi, ukawa mweusi wa kung'aa. Limuru haikutoa rangi wala urefu, ilitoa majani tu, na ng'ombe wa jirani akafunga huo mjadala.

Somo dogo hapo: sehemu ya muwa iliyofunikwa na jani hubaki ya kijani. Ukibandua majani makavu, jua likigusa shina, rangi inaiva. Mimi nilibandua. Nilibandua hata yaliyokuwa yanafikiria kukauka.

Shina la muwa pia lina unga mweupe, kama poda. Ni kawaida yake. Mimi niliuona kama uchafu. Nikaupangusa kwa kitambaa chenye maji, nikamalizia na tone la mafuta ya nazi. Nilichukua kadi ya rangi kwa hardware, ile ya kuchagulia rangi ya ukuta, nikawa nalinganisha kila Jumapili wakati watu wenye akili wako kanisani.

Mjue kwamba kwa muda huo wote sikuwahi kuonja. Ungeonja kitu umekipaka mafuta?

Shida ikaja kwa mwenye nyumba. Tunamwita Mathe. Alipanda roof kuangalia tangi, akakuta ndoo zangu.

"Hapa ni nyumba ya kukodisha, si shamba. Mwisho wa mwezi ukija nisipate hizi vitu hapa."

Nikamwambia ni maua. Akaniambia yeye amezaa watoto sita na anajua muwa.

Nyumba yangu ni chumba kimoja na dirisha linaangalia ukuta. Hakukuwa na mahali pengine. Ingekuwa ni kuitupa.

Wiki hiyo, kwa bahati, akaingia cyber mama mmoja anaitwa Madam Kerubo, msimamizi wa ofisi fulani Upper Hill. Mkubwa wao alikuwa ametoka semina na kuamua maua yote ya plastiki kwa lobby yatoke, iletwe mimea hai. Akaona picha ya miwa yangu kwa screen. Akaangalia sana. Akasema nilete ndoo tatu zikae mwezi mmoja. Zikipendeza zibaki, na floor zingine nizipambe mimi. Zisipopendeza nizitoe.

Nizipeleke wapi, sikumwambia.

Najua mnachofikiria. Mnafikiria iliibiwa na kuliwa. Tulieni.

Hata mimi nilifikiria hivyo. Lobby ni ya vioo, jua la asubuhi linaingia lote, kwa hivyo rangi haikunitia wasiwasi. Walionitia wasiwasi ni watu. Mlinzi wa pale, Mzee Barasa, ni wa Bungoma. Nusu ya hiyo floor ya chini ni watu wa kwetu. Kuweka muwa mbele yao ni kama kufunga mbuzi kwa duka la mboga na kumwambia atazame.

Nikaandika kibao cha kuomba watu wasiguse. Nikakiandika upya mpaka kikawa na heshima kuliko barua ya kuomba kazi. Udongo nikaufunika na mawe meupe ili lobby ibaki safi. Kumwagilia nilikwenda alfajiri kabla watu hawajaingia, hata Mzee Barasa, mlinzi wa usiku akinifungulia, ili nisiwe nikionekana na jerikeni. Kila nikienda nilikagua fundo kwa fundo nikitafuta alama ya meno.

Hakuna aliyegusa.

Wiki ya kwanza nilishukuru. Ya pili nikashangaa. Ya tatu, wakuu, niliumia. Nikampigia Nekesa.

Akacheka mpaka akaweka simu chini, kisha akairudia. "Muwa umekaa mbele ya Waluhya wiki tatu nzima na hakuna hata mmoja ameuvunja? We umepanda nini huko?"

Siku ya uamuzi ilifika. Nilikuwa nimevaa shati la kwenda harusi. Madam Kerubo akatoka kwa lifti, akazizunguka ndoo zote, akasema kazi ni safi sana. Nikaanza kupumua.

"Lakini tulisema mimea hai," akasema. "Hizi plastiki umetoa wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikasogeza mawe, nikamwonyesha udongo. Akasema udongo hata yeye anaweza kuweka. Nikamwonyesha jani na mistari yake. Akasema siku hizi wanatengeneza hadi mistari. Akaongeza kwamba hana shida na plastiki, shida yake ni mtu anayeuza plastiki kwa bei ya kitu kinachoota.

Nikamgeukia Mzee Barasa kama shahidi wangu. Mtu wa Bungoma. Mtu aliyezaliwa katikati ya miwa.

"Mimi nazipangusanga vumbi kila asubuhi, madam," akasema. "Nilijua ni za China. Muwa gani hauna jani kavu hata moja?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini pale chini ni vigae.

Ilibaki njia moja. Nikaomba kisu kwa mama wa chai. Nikasimama mbele ya ndoo zangu nikashindwa kuchagua. Mwekundu ulikuwa na fundo moja lililopinda kidogo, huo ndio ungeenda kwanza. Lakini nikafikiria: nikikata dhaifu, bado kuna mtu atasema ile mizuri ndiyo ya plastiki. Nikashika mweusi. Ule wa Jumapili zote. Nikakata chini kabisa.

Maji ya muwa yakadondoka juu ya yale mawe meupe.

Kisha Madam Kerubo akasema, "Kula wewe kwanza."

Nikaumenya kwa meno, pale lobby, na shati la harusi. Ladha ya kwanza ilikuwa mafuta ya nazi. Ya pili ilikuwa utamu, wakuu, utamu mzito wa muwa uliokua polepole. Nilikuwa nimeishi na kitu hicho juu ya kichwa changu siku zote hizo na sikukijua.

Mzee Barasa akanyoosha mkono bila kuomba. Akatafuna macho yamefumbwa. Madam akaweka mkoba wake chini.

"Nipe hapo chini. Huko juu hakuna utamu."

Lifti ikafunguka wakatoka watu wa floor ya juu. Mama wa chai akaleta sinia. Baada ya muda mfupi sakafu ya hiyo ofisi ilikuwa makapi matupu, na watu wa suti walikuwa wakibishana kama muwa unamenywa kutoka juu ama chini. Kibao changu cha heshima kilikuwa kimegeuzwa sahani.

Miwa ilikubaliwa, ikabaki lobby. Shina likikatwa linachipua tena, kwa hivyo hata mweusi bado uko njiani. Mathe alikuta roof tupu akasema sasa nimekuwa mtu. Floor zingine pia nimepewa, lakini kwa sharti moja la Madam Kerubo, na alilisema akinitazama machoni: niache majani makavu, na ule unga nisiupanguse. Mgeni akiingia ajue ni muwa.

Nimejifunza nini? Kwamba kitu ukikiondolea kila kasoro, watu hawakisifu, wanaacha kukiamini. Na kwamba ukipanda muwa, kwa jua la Kisumu ama baridi ya Limuru, onja. Usingoje kushtakiwa.

Juzi nilienda Upper Hill. Kulikuwa na jani kavu moja kwa muwa wa milia, limening'inia upande wa mlango. Nikaliona lingependeza zaidi likiangalia dirisha. Nikaligeuza. Nikalirudisha. Nikaligeuza tena.

"Kijana," Mzee Barasa akaniambia, "liache."

Nikaliacha. Nikatoka, nikatembea mpaka stage.

Nikarudi.

Wakuu wa Mombasa, Kisii, Eldoret na kwingineko, niambieni miwa inatoa rangi gani huko kwenu. Na kama kuna anayejua jani kavu linafaa kukaa upande gani, aseme mapema, kesho naenda tena.