Mama Mkwe na Unga Usiochanganywa

Mama mkwe wangu alishuka kwenye boti ya Moba akiwa na magunia mengi kuliko wafanyabiashara. Mahindi, maharage, karanga, dagaa wakavu tunaowaita ndagala, na dumu la mawese ambalo hakumwachia mchukuzi yeyote. Mimi nilikuwa nimesimama pale bandarini Kalemie, tumbo limetangulia mbele yangu, nikidhani ameniletea zawadi. Nikamshukuru kwa maneno matamu. Akanitazama kwa upole.

"Si zawadi, mukwe. Hii njo chakula yangu. Ya huku kwenu siiamini."

Nilicheka, kisha nikanuna. Mimi ni mshonaji, na subira yangu yote huishia kwenye sindano; watu wanabaki bila kitu. Lakini yule mwanamke nilimhitaji. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye boti ya mizigo ya Kigoma, anaondoka injini ikikubali na kurudi injini ikipenda. Ujauzito ulikuwa wa kwanza. Na mama sina. Alikufa kabla sijaijua sura yake. Nililelewa na mjomba wangu kule Bendera, kwenye kambi ya wafanyakazi wa umeme, kati ya binamu wanaume watupu. Walinifundisha kutengeneza swichi na kupigana. Habari za kuzaa hawakuzigusa.

Sikuogopa uchungu. Niliogopa kulala kwenye kitanda cha materinite, hospitali ya wazazi, na kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Kwetu mwanamke huenda kuzaa na mama yake, na kama hana, basi na mama wa mume. Huyu ndiye niliyekuwa naye, mmoja tu, pamoja na magunia yake. Nilitaka akae mpaka arobaini iishe, hata kama atanitia wazimu.

Na alijua kutia wazimu. Ametoka katika familia za Waislamu wa ziwani ambao wazee wao walikuja kwa biashara wakabaki kwa ndoa. Tangu utoto amefundishwa kuuliza kabla ya kutia kitu mdomoni: biskuti hii ina mafuta gani, nyama hii kachinja nani. Kwa hiyo redio ilipozungumzia vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, vile wanavyoviita OGM, hakupata taabu yoyote. Aliongeza tu swali moja juu ya maswali aliyokuwa nayo. Tena alikuwa na ushahidi wake. Wakati mmoja alipanda mbegu za mahindi zilizoletwa kwa msaada, akavuna masuke makubwa ajabu. Aliporudia kupanda alichovuna, yakatoka masuke yenye mapengo. Tangu siku hiyo, kila chakula anakiuliza jambo moja: ukikipanda, kinarudia vilevile?

Jirani yetu, agronomu, mtaalamu wa kilimo, alikuja kumweleza kwamba ile ilikuwa mbegu chotara, na chotara si OGM. Akasema mihogo na mboga za soko letu hazina mambo hayo, na kama mtu anataka kuwa makini, aangalie unga wa mahindi na mafuta ya soya yanayotoka mbali. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai.

"Papa, umeeleza muzuri sana. Basi unga na mafuta ya mbali sitakula. Na ile chotara nayo nitaiacha, isisikie wivu."

Agronomu alimaliza chai yake akaaga. Nilimwonea huruma, lakini nilicheka mpaka nikashika kiuno.

Magunia yalikwisha kabla mtoto hajafika. Yeye asiyeamini chakula chetu alikuwa anagawa chake kwa barabara nzima. Ikabidi tutoke kununua. Tulianza dukani kwa mafuta. Akanipa chupa nisome. Nikasoma: mafuta ya mboga.

"Mboga gani?" akamwuliza mwenye duka.

"Mama, mboga tu."

"Mboga haina jina? Hata mimi hapa niko na jina."

Tukatoka bila mafuta. Pakiti ya unga aliigeuza huku na huku, akaikuta imeandikwa lugha ambayo mimi siisomi wala mwenye duka haisomi, akairudisha mahali pake kwa adabu. Sokoni ikawa kila meza ni mahojiano. Miguu yangu ilikuwa imevimba, jua limesimama utosini, naye ameinama juu ya debe la mahindi la mama mmoja wa Nyunzu akiuliza lile swali lake.

"Mama, unanunua ao unafanya anketi?" yule muuzaji akafoka, kama tumetumwa kumchunguza.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu."

Muuzaji akakasirika kweli. Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa suke moja la mahindi, jeusi kwa moshi wa jikoni. Ile ndiyo mbegu ya nyumba yao, alisema. Mama yake aliitundika juu ya moto, na vita vilipowakimbiza Nyunzu waliacha sufuria wakabeba mbegu. Wakarudi nayo, wakapanda, na mahindi yaliyomo ndani ya debe ni watoto wake. Mama mkwe alilishika lile suke, akalinusa, akaliweka shavuni. Dakika iliyofuata walikuwa wamekumbatiana na mimi nimesahaulika kwenye jua. Alinunua debe zima. Nikajua taabu imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mahindi lazima yasagwe, na kwenye mashine ya kusaga ya mtaa wetu watu hupanga foleni na mabeseni yao. Mama mkwe alisimama akaangalia. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu alimimina mahindi ya gunia la kutoka mbali, gunia lenye maandishi ya kigeni. Alipomaliza, mashine ilibaki na unga wake tumboni na kwenye ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia mdomoni. Ndivyo ilivyo siku zote. Unga wa mwenzako hukutangulia kutoka, kisha ndipo utoke wako, na wako nao unabaki kumsubiri anayefuata.

"Kwa hiyo mimi nitabeba unga wa huyu?" akauliza.

"Kidogo tu, Mama," msagaji akasema.

Akajitwisha beseni lake kichwani, mahindi yakiwa mazima, tukarudi nyumbani. Tulipofika akaanza kukunja vitenge vyake.

"Ijumaa kuna boti. Nitaenda kusaga kwetu Moba, kisha nitarudi."

Kila mtu wa ziwani anajua maana ya "nitarudi" ya boti. Boti husema Ijumaa, hurudi ikijisikia. Mtoto hangesubiri. Nilimwambia hivyo, kwanza kwa heshima, halafu kwa sauti ambayo jirani alipunguza redio ili aisikie vizuri. Nikamwuliza kama unga ni muhimu kuliko mimi. Yeye hakupandisha sauti.

"Uji wa muzazi njo maziwa ya mutoto," alisema. "Mutoto wa kwanza wa nyumba hii sitamuanzishia na kitu sikijui. Unadhani haya yote ninafanya juu ya tumbo langu?"

Nilikaa chini nikalia. Nililia kwa hasira, na pia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuhangaikia uji wangu namna ile.

Lakini mimi hasira huniamsha akili. Jioni nikarudi kwa msagaji. Nikamkuta ameifungua mashine, anaipangusa ndani kwa brashi, unga wa mabaki anawamwagia bata wake. Kumbe kila jioni huisafisha mpaka chuma kinang'aa. Basi anayesaga wa kwanza asubuhi hamkuti mtu ndani! Nilirudi nyumbani nikitembea kama bata mwenyewe, nikamwambia mama mkwe aache vitenge, kesho tunawahi.

Sasa, kuna jambo ambalo mimi nililijua naye hakulijua. Pale mashineni hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Mashine tupu ina njaa. Inameza unga wa mtu wa kwanza, inashikilia kama bakuli zima, na hicho kilichobaki ndicho kinachomfidia wa pili kile atakachoacha yeye. Kwa hiyo asubuhi utawakuta wanawake wameweka mabeseni chini, huyu anafunga kitenge upya, yule anatoa jiwe kwenye kiatu ambacho hakina jiwe, wote wanasubiri mjinga mmoja aanze. Msagaji anabembeleza. Jua linapanda.

Asubuhi hiyo msagaji aliuliza kama kawaida ni nani anaanza. Watu wote wakatazama ziwa.

"Ni mimi," mama mkwe akasema, akapita katikati yao.

Msagaji alimweleza kwa haki kabisa kwamba mashine itamlia bakuli. Akajibu kwamba inachokula ni sadaka, akasema bismillahi, akamimina. Wanawake walipiga vigelegele ambavyo mimi sikuvipata hata siku ya harusi yangu. Na hapohapo, kabla unga wake haujaisha kutoka, ugomvi ukaanza nyuma yetu. Wote sasa walitaka kuwa wa pili! Wakasukumana kwa mabeseni, wakaitana majina, mmoja akadai kwamba tangu jana alikuwa anamwota Mama wa Moba. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke.

Angeweza kusaga debe lote siku moja akamaliza. Hakutaka. Kila alfajiri alichota kidogo, akajitanda, akaniamsha nimsindikize kwa sababu kutembea kunafungua njia ya mtoto. Kule alikuwa na marafiki tayari, aliwauliza chakula chao kimetoka wapi, wakamjibu kwa kelele, akawaita wenye matumbo ya chuma, wakamwita mwenye ulimi wa hakimu. Wa kusaga wa pili alimchagua yeye mwenyewe, na uteuzi wake haukuwa na rufaa. Boti ya Ijumaa ilipopiga honi, alikuwa anabishana kuhusu karanga. Nilimkumbusha.

"Nikienda, hawa mashini nani atawafungulia?" akasema, kana kwamba nimeuliza upuuzi.

Niligeukia ziwa nikatabasamu peke yangu.

Chupa ya uzazi ilinipasukia palepale kwenye foleni. Alikuwa ametoka tu kumimina mahindi yake. Nikamshika kitenge, akatazama chini, akaelewa. Mahindi, beseni, unga, vyote akaviacha. Alisimamisha pikipiki kwa sauti ambayo sikujua anayo, akapanda nyuma yangu, akanikumbatia tumbo mpaka materinite, akimkaripia dereva kwa kila shimo la barabara.

Hakuondoka kwenye kile kiti. Nilimvunjavunja vidole, nikamtukania mwanawe, akaniambia mwanawe ametukanwa na wengi, niendelee. Mchana mtoto akaja, msichana, analia kwa hasira zangu zilezile. Nilifurahi mno.

Alasiri wanawake wa mashineni wakaingia uani kwa vigelegele, wakibeba beseni lake. Lilikuwa limejaa kuliko alivyoliacha. Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha, niliona yote. Yule aliyelibeba alipiga magoti.

"Mama, utusamehe. Ulipoenda, kila mutu alisaga, hatukujua yako iliishia wapi. Kisha kila mutu akaongeza bakuli kwa ajili ya muzazi. Tumechanganya. Na hii yangu njo ile ya gunia ya mbali. Sitakudanganya."

Mama mkwe alilitazama lile beseni. Debe la mama wa Nyunzu lilikuwa kule nyumbani, na pikipiki zilikuwa pale getini. Kisha akageuka dirishani.

"Una njaa?"

"Sana, Mama."

Alilipokea beseni kwa mikono miwili, akawashukuru mmoja mmoja, akainama kwenye makaa ya uani akainjika maji. Alikoroga uji huku unga umempanda mpaka kwenye nyusi, na wale wanawake wamemzunguka wakimfundisha kukoroga kama hajui.

Muuguzi akatoka na mtoto aliyefungwa kwenye kitenge kipya. Akasimama mlangoni, akauliza mama wa huyu mzazi njo nani, aje kushika mtoto.

Mama mkwe hakuinua kichwa.

"Mama yake njo mimi," alisema. "Ngoja kwanza nilishe mutoto wangu, kisha nitashika wa kwake."

Akaingia na bakuli, akakaa kwenye kiti, akapuliza kijiko cha kwanza, akakionja yeye, akanitia mdomoni.